Mkono Haujafika Sikioni

Mkono wa kulia unapita juu ya utosi, vidole vinashuka upande wa pili, na vikigusa sikio la kushoto, mtoto ana miaka saba na nafasi yake darasa la kwanza ipo. Hivyo ndivyo walimu wa Kigoma walivyopima watoto miaka ile. Wenye vyeti vya kuzaliwa walikuwa wachache, na mzazi akiulizwa mwanawe kazaliwa lini, hujibu kwamba ni ule mwaka mafuriko yalipochukua choo cha msikiti. Kwa hiyo walimu wakauamini mkono. Mkono haudanganyi, walisema. Walisahau kwamba mkono ni wa binadamu, na binadamu hana kiungo kisichofundishika.

Merina alimfundisha mtoto siku kumi na mbili, kuanzia Krismasi ya mwaka tisini na sita hadi siku ya kuandikisha. Alimsimamisha uani, nyuma ya chanja za dagaa, akamwonyesha: inua bega, lainisha shingo, laza kichwa kidogo, kidogo tu, usikilaze mpaka mwalimu akaona. Siku ya kwanza vidole viliishia utosini. Siku ya tano vilifika kwenye nywele za pembeni. Siku ya kumi na mbili ncha ya kidole cha kati iligusa ukingo wa sikio, na Merina akampa kipande cha muwa. Mtoto alifurahi sana. Alidhani ni mchezo.

Mtoto huyo hakumzaa yeye. Alikuja na mtumbwi mwezi wa kumi na moja, vita vilipoingia Fizi na watu wa ng'ambo wakaanza kuvuka ziwa usiku na mchana. Merina alikuwa mwaloni Kibirizi na beseni lake akisubiri dagaa, lakini siku hiyo mitumbwi ilishusha watu. Walishuka na magodoro, na mbuzi, na vyerehani; mzee mmoja alishuka na mlango wa nyumba yake, ameukumbatia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumcheka. Walipokwisha kutawanyika alibaki msichana mdogo amesimama karibu na kamba ya nanga, amevaa blauzi ya mtu mzima iliyomfika kwenye visigino. Merina alimuuliza jina. Akasema anaitwa Elida, mama yake ni Rozalia, na kwao ni Baraka, mji wa ng'ambo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema:

"Mama anakuya na mtumbwi ingine."

Wakausubiri mtumbwi huo mpaka giza. Kesho yake Merina alimrudisha palepale, na kesho kutwa vilevile. Mitumbwi ilifika mingi, Rozalia hakuwamo. Wengine walisema ule uliofuata ulizama. Wengine wakasema la, upepo uliusukuma kaskazini mpaka Kagunga. Hakuna aliyekuwa na hakika, na kila mmoja alikuwa na wake aliyempoteza. Siku ya nne Merina alimwacha mtoto nyumbani akaenda mwaloni peke yake, na siku ya tano hakuuliza tena.

Kumchukua mtoto hakukuwa ajabu. Merina mwenyewe ni Mbembe wa Ujiji. Babu yake alivuka ziwa hilohilo kabla ya uhuru, akapokewa na watu wasiomjua. Mtaa mzima wa Kibirizi ulijua Elida katoka wapi, na mtaa mzima ulifunga mdomo. Kilichomponza Merina ni kitu kingine, na lazima kisemwe mapema ili asionekane mbaya kuliko alivyokuwa.

Huku kwetu mwanamke akizaa hupoteza jina lake. Anaitwa kwa mtoto, na mtoto akifa jina hilo halizikwi naye. Merina alizaa mara moja tu, msichana, wakamwita Shukrani. Surua ilimchukua mwezi wa sita mwaka tisini na tatu, akiwa na miaka mitatu na nusu. Toka siku ile watu waliendelea kumwamkia bombani na sokoni: habari za asubuhi, Mama Shukrani, dagaa bei gani, Mama Shukrani. Hawakuwa na nia mbaya. Hata mumewe Filemoni alimwita hivyo, naye alimwita Baba Shukrani, maana hawakuwa na majina mengine ya kuitana. Aliitika kila siku kwa miaka mitatu na nusu, na kila alipoitika aliumia.

Sasa, Shukrani angekuwa hai, angetimiza miaka saba Desemba ile. Jirani yao Leonia alijifungua msichana wiki moja na Merina, akamwita Yasmini, na Krismasi hiyo Leonia alikuwa kamnunulia mwanawe kitambaa cha sare: bluu ya sketi, nyeupe ya shati. Akamwonyesha Merina, kama majirani wanavyoonyeshana. Merina akakipapasa kile kitambaa, akakisifu, akarudi kwake, akalitoa sanduku chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki ya Shukrani, haijakunjika hata pembe. Jioni hiyo ndipo alipomsimamisha Elida uani kwa mara ya kwanza.

Kwa Filemoni alitoa sababu nyingine, nayo ilikuwa ya kweli. Watu wa kata walikuwa wakipita mitaani kuandika wageni, na aliyekutwa bila kwao alipakiwa lori kwenda kambi ya wakimbizi ya Lugufu. Nani angemuuliza mtoto mwenye sare na jina kwenye rejesta? Alipomaliza hilo akaongeza la wahenga, samaki mkunje angali mbichi.

Filemoni alikuwa mvuvi, na maneno ya samaki humwambii yeye. "Huyu si samaki, Mama Shukrani," alisema. "Huyu ni dagaa. Dagaa ukimkunja anakatika." Akamwita mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole gumba kama mtu anayenunua mbuzi. Meno yote yalikuwapo, madogo, meupe, yamejipanga. Mtoto wa kuanza shule ana pengo, alisema Filemoni; huyu hajang'oa hata moja, ana miaka mitano akizidi sana. Akae nyumbani, au apelekwe shule ya vidudu pale kanisani akaimbe na wenzake. Shule haikimbii.

Merina hakubishana. Aliifungua tu kadi ya kliniki akaiweka mkekani kati yao, Filemoni akaliona jina la mwanawe kwa mwandiko wa nesi. Kisha akachukua karabai zake akatoka kwenda ziwani, na hakulizungumza tena jambo lile.

Mwalimu Leodgar ndiye aliyeandikisha. Alikuwa mtu wa Songea, mrefu, wa haki, amekaa Kigoma miaka kumi na minane na bado analalamikia joto. Siku hiyo alikuwa na watoto mia na arobaini kwa nafasi tisini. Elida alipofika mbele yake aliinua bega, akalainisha shingo, ncha ya kidole ikagusa. Mwalimu akakunja uso. Akanyoosha mkono apewe karatasi, na Merina akampa kadi. Akaangalia tarehe ya kuzaliwa, akaandika: Shukrani Filemoni, miaka saba. Chini ya tarehe ile palikuwa na vidoti vya uzito, vinapanda mwezi hadi mwezi, vinashuka viwili, halafu hakuna kitu. Mwalimu alikuwa na foleni mpaka nje ya geti, hakuvitazama.

Njiani kurudi Merina alichuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mabega yote mawili.

"Ukiitwa Shukrani, itika," alimwambia. "Ukisikia Elida, nyamaza. Hata akikuita nani, nyamaza."

Mtoto akauliza kama ni mchezo. Merina akasema ndiyo.

Mwaka ule, kwa kweli, Merina alifurahi. Aliamka kabla ya adhana, akapasha maji, akamwogesha mtoto, akamvisha sketi iliyoshonwa kubwa ili akue nayo. Akisimama mlangoni kumtazama anakwenda na mfagio wake mkononi, Leonia akipita na kumwamkia Mama Shukrani, jina lile halikumuuma tena. Aliitika kama wanawake wengine wanavyoitika.

Mtoto naye alilipa. Darasa lilikuwa na watoto wenye mapengo, wengine wa miaka tisa, wanaobeba ndoo ya maji kichwani bila kushika, na yeye peke yake katikati yao ana meno kamili. Penseli ilikuwa ndefu kwa kiganja chake. Ikifika saa nne alisinzia juu ya dawati, na mwalimu hakumbembeleza, alimchapa. Mara mbili alijikojolea, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili wenzake wasimwone. Kufagia uwanja kulimshinda, vumbi likamwingia kifuani, akakohoa mwezi mzima. Merina alimpaka Viksi, akamwambia atazoea. Na kweli baada ya likizo ya mwezi wa sita alianza kuzoea, hata akaipenda shule, akawa anaandika herufi kwa kijiti mchangani penye dagaa na kumkataza kila mtu asizikanyage. Usiku alikuwa akiuliza juu ya mtumbwi mwingine. Mwanzoni kila siku, halafu siku moja moja, halafu akaacha, na Merina alimshukuru Mungu kwa hilo. Laiti angejua alichokuwa akishukuru.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, Merina alikuwa akisonga ugali, mtoto ameketi juu ya kinu kilicholazwa, miguu inaning'inia. Filemoni hakuwapo, mwezi ulikuwa gizani, na wakati wa giza wavuvi hupiga kambi ufukweni mbali, wasirudi mpaka mbalamwezi itoke. Mtoto akaanza kusimulia ya shuleni kama kawaida yake. Akasema leo kulikuja kaka mmoja na baiskeli na faili. Akasimama mbele na Mwalimu Leodgar, akasoma majina ya watoto wanaotafutwa na mama zao.

"Akasema, Elida wa Rozalia, wa Baraka," mtoto alisema. "Nilinyamaza, mama. Akasema tena mara ya pili. Sikutingisha hata kichwa."

Akanyoosha kiganja. Alikuwa anangoja muwa.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Rozalia yu hai, basi. Yu hai, yuko mahali, anaandikisha jina la mwanawe kwa watu wenye mafaili. Alimtazama mtoto juu ya kinu, mwenye sare ya mwanawe na jina la mwanawe, na kiganja wazi, na yaliyomtoka mdomoni hakuyapanga.

"Umefanya vizuri," alisema.

Kisha akaenda kwa Leonia kuazima muwa.

Alisema ataenda kesho ofisini kwa yule kaka wa faili. Kesho ilikuwa Jumamosi, siku ya wanunuzi wa mbali, na mwanamke wa dagaa haachi chanja Jumamosi. Jumapili ni kanisani. Jumatatu mvua ya kwanza ilinyesha, dagaa wakalowa, zikawa mbio za kuanua na kuanika. Jumanne akasikia kuna majaribio shuleni, akaona si vizuri kumkatisha mtoto. Jumatano hakutafuta sababu. Alipita mbele ya ofisi ile ya kutafutiana ndugu, mjini, ana beseni kichwani. Mlango ulikuwa wazi, kijana wa faili alikuwa amekaa ndani anakunywa chai, na Merina akapita. Akarudi, akapita tena. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Merina siku hiyo ilikuwa hatua kumi, na ikamshinda.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, mwezi ukiwa mkubwa, Filemoni alirudi. Jioni walikula pamoja, na mtoto akamsimulia baba yake uleule ushindi wake: kaka wa baiskeli, jina, mara ya kwanza, mara ya pili, na alivyonyamaza. Filemoni aliliacha tonge sahanini. Akauliza lini. Mtoto akamtazama mama yake.

"Ijumaa," Merina akasema. "Si hii. Ile ya kabla."

Filemoni akanawa mikono taratibu. Alipozungumza alimwita kwa jina lake la usichana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipozaa. "Merina," alisema, "wewe umejua siku kumi na moja. Mimi nimejua tangu Januari kwamba mtoto huyu hana pengo. Kesho tunakwenda."

Asubuhi walikwenda wote watatu. Kijana wa ofisini aliitwa Samson, mpole, kola ya shati imefifia, wa umri ambao watu bado humwita kaka. Walipomweleza hakuuliza mara mbili. Alifungua faili, akapitisha kidole, kikasimama. Akavua kofia yake akaiweka mezani.

Rozalia alikuwa Lugufu, alisema. Mtumbwi wake haukuzama. Ulitupwa Kagunga, na kutoka Kagunga walimpeleka moja kwa moja kambini. Mwaka mzima aliandikisha jina lilelile kila walipopita. Samson alitafuta katika shule zote za vidudu za makanisa, kwa sababu mtoto alikuwa wa miaka mitano, mitano na kitu, na huko ndiko waliko wa umri huo. Shule za msingi alizipitia ili kukamilisha orodha tu. Mwalimu mmoja hata alimwambia hapa wote ni wa saba kwenda juu, unapoteza muda, lakini akamruhusu asome. Jumatatu ya wiki iliyopita alimpelekea Rozalia majibu kwamba Kigoma hayupo.

"Aliniuliza kama nimetafuta vizuri," Samson alisema. "Nikamwambia nimetafuta vizuri."

Basi Rozalia alikaa matanga. Wanawake wenzake walimnyoa nywele, wakalia naye siku mbili, na alipokwisha kulia akaandikisha jina kwenye meli ya kurudi kwao, maana hakuwa tena na wa kumngoja huku. Meli iling'oa nanga Jumamosi iliyopita. Merina akahesabu, hakutaka kuhesabu lakini akili ilihesabu yenyewe. Jumamosi hiyo yeye alikuwa mwaloni Kibirizi, na meli ile aliiona. Aliiona inapita mbele ya milima ya upande wa pili, ndogo, nyeupe, na akasema na wenzake kwamba leo ziwa limetulia.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, anasikiliza. Hakulia. Akamvuta Filemoni mkono, akauliza kwa kunong'ona kama sasa anaweza kuitika.

Hapo ndipo Merina alipoanguka. Hakupiga kelele, aliketi tu sakafuni, miguu mbele, kama wanawake wanavyoketi msibani, na Samson akatoka nje.

Samson alifanya aliyoweza. Barua ilikwenda na meli iliyofuata, na picha ya mtoto ndani yake. Baada ya miezi miwili jibu likaja, la katekista wa Baraka: Rozalia alifika, akakaa siku tatu, akapanda milimani kwa kaka yake, barua ameiweka, akishuka atampa. Ikaenda nyingine. Walikuwa wakingoja jibu lake Agosti ya mwaka tisini na nane, vita vya pili vilipoanza ng'ambo, na tangu hapo meli zikaenda tupu upande ule au zisiende kabisa.

Lakini kabla ya hayo yote, wiki ileile, Merina alikwenda shuleni. Alimwamkia Mwalimu Leodgar shikamoo, akamweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Mwalimu aliitoa kadi ya kliniki kwenye faili lake. Safari hii hakutazama tarehe. Alitazama vidoti, vinavyopanda, vinavyoshuka viwili, na mahali vinapokoma, na akavitazama mpaka Merina akatamani amtukane.

"Nimemchapa mtoto wa miaka mitano kwa kusinzia," alisema mwishoni. "Miaka thelathini nafundisha."

Merina alimwomba abadilishe jina tu, mtoto abaki na wenzake. Mwalimu akakataa, wala hakukataa kwa ukali. Alisema getini kuna wa miaka tisa waliokosa nafasi, na huyu anakaa juu ya nafasi ya marehemu. Arudi nyumbani akue. Mkono ukifika wenyewe, amlete. Akachukua rula na wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina la Shukrani Filemoni. Merina alikuwa amemzika mwanawe bila kuona akifunikwa, maana wanawake hawakufika kaburini siku ile. Mstari ule aliuona mwanzo hadi mwisho.

Kumtoa mtoto shule ilikuwa kazi kuliko kumwingiza. Elida alilia siku tatu. Alidai aelezwe kosa lake, kwani alinyamaza vizuri, hata mama alisema. Asubuhi Yasmini na wenzake wakipita na mifagio alijificha nyuma ya chanja mpaka wapite. Herufi za mchangani aliacha kuziandika. Jina lake la kwanza alirudishiwa, lakini lilikuwa limemkaa vibaya. Wakimwita Elida alichelewa kugeuka, au hakugeuka kabisa, na Filemoni akiona hivyo alikuwa akijitafutia kazi ya nyavu.

Mwaka uliofuata meno yalianza kudondoka. La kwanza lilitoka kwenye hindi la kuchoma, mwezi wa nne. Watoto wa huku jino hulitupa juu ya bati, wakaomba jipya, na Filemoni alimbeba begani ili arushe vizuri. Elida akakataa. Akasema mama wa Baraka atataka kuliona. Akalitia kwenye kibiriti kitupu, na yaliyofuata akayatia humohumo, na kile kibiriti Merina alikiweka ndani ya sanduku, juu ya kadi ya kliniki ambayo mwalimu alimrudishia.

Majirani, watu wema, walianza kumwita Mama Elida. Walidhani wanamfariji. Leonia alikuwa wa kwanza, bombani, na Merina akatua ndoo.

"Mama Elida yuko ng'ambo," alimwambia. "Mimi niite kama zamani."

Na wakamwita kama zamani, Mama Shukrani, na likamuuma kama zamani.

Januari ya mwaka tisini na tisa walikwenda tena, yeye na Elida, wakapanga foleni ileile. Hawakufanya mazoezi. Elida alikuwa amerefuka, miguu mirefu kama ya yangeyange, mapengo mawili mbele. Mwalimu Leodgar alikuwa na mvi nyingi zaidi. Hakumwambia mtoto ainue mkono, Elida aliuinua mwenyewe, kichwa kimenyooka wima, na vidole vikalishika sikio zima vikalivuta.

Mwalimu akafungua rejesta mpya. Akaandika jina, akaandika miaka saba. Akafika kwenye mzazi, kalamu ikangoja, akamtazama Merina juu ya miwani. Alikuwa anampa nafasi, naye alijua hivyo. Neno moja tu, na hakuna ambaye angelikagua.

"Andika Rozalia," Merina alisema. "Wa Baraka."

"Na wewe?"

"Pa mlezi, kama pana nafasi."

Palikuwa na nafasi, ndogo, pembeni, na jina lake likaandikwa humo kwa herufi za kubana. Merina, mke wa Filemoni. Lilikuwa jina lake mwenyewe, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliliona limeandikwa.

Watoto wakaingia darasani. Wazazi walisimama dirishani, kama siku zote siku ya kwanza, na Merina alisimama nao, mkono kwenye nondo. Elida alikaa dawati la pili, miguu imefika chini. Mwalimu akaanza kuita majina, na kila mmoja akapaza sauti kwa kiherehere: nipo, nipo, nipo mwalimu.

"Elida wa Rozalia."

Kimya.

Mwalimu akainua macho. Akarudia, polepole. Elida alikuwa ameketi wima, midomo imefungwa, anatazama mbele, hatingishi hata kichwa, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Darasa zima liligeuka. Merina aliona yale yaliyotokea Ijumaa ile ya mwezi wa kumi, mwanzo hadi mwisho, kama yalivyokuwa. Kumbe mtoto alisikia. Alijua ni jina lake na la mama yake, alitaka kuitika, akakaza mwili mzima ili asiitike.

Elida akageuza macho dirishani, akayatafuta ya Merina, kuuliza.

"Itika, mama," Merina akasema. "Ni wewe."

Sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme mara ya pili. Ndipo mtoto akasema yupo.